Maswali ya Wasomaji: Kufafanua Data za Saraka ya Mtandao

Barua tulizochagua safari hii zote zinahusu seva za saraka na majina: namna ya kuamua ni taarifa gani zihifadhiwe, ziitweje, na zilinganishwe vipi. Tumezifupisha bila kugusa hoja za walioziandika.

SWALI: Ndugu Mhariri, nasimamia kompyuta nyingi za Linux, na kila moja ina mafaili yake ya akaunti. Mtumiaji mmoja akibadilisha nenosiri, nalazimika kupita kompyuta moja baada ya nyingine. Nimeshauriwa nihamie kwenye LDAP, itifaki ya kuhifadhi na kuuliza taarifa katika saraka moja ya mtandao. Je, inatosha kuzichukua sehemu 7 za kila mstari wa faili la /etc/passwd na kuzigeuza kuwa sifa za saraka? Wenzangu wanasema skima, yaani kanuni za data zinazoruhusiwa katika saraka, ndiyo kazi yenyewe, nami sioni ugumu wake uko wapi. — Fundi wa mitandao

JIBU: Ndugu fundi, kazi ya kuzigeuza sehemu hizo imekwisha kufanywa na wengine, na huna haja ya kuirudia. Mwezi Machi 1998 ulichapishwa waraka wa RFC 2307, mmoja wa nyaraka za kiufundi za Intaneti, ulioandikwa na Luke Howard, ambao ulizichukua taarifa zilizokuwa zikisambazwa na NIS, huduma ya majina ya Sun Microsystems, na kuzipa mahali ndani ya LDAP: akaunti, vikundi, kompyuta, huduma na mitandao. Akaunti ya mtumiaji huelezwa na aina ya ingizo (ingizo ni rekodi moja ya saraka) iitwayo posixAccount, ambayo inadai sifa 5 zisizokosekana, yaani cn (jina kamili), uid (jina la kuingilia), uidNumber (namba ya mtumiaji), gidNumber (namba ya kikundi) na homeDirectory (folda yake), huku loginShell (programu ya kuandikia amri), gecos (maelezo ya mtu) na userPassword (nenosiri) zikiachwa kuwa za hiari. Ingizo kamili huonekana hivi, dn ikiwa ni jina bainifu la ingizo:

dn: uid=zuhura,ou=watu,dc=mfano,dc=org
objectClass: inetOrgPerson
objectClass: posixAccount
cn: Zuhura Mfano
sn: Mfano
uid: zuhura
uidNumber: 10045
gidNumber: 10000
homeDirectory: /home/zuhura
loginShell: /bin/bash

Hata hivyo wenzako wamesema kweli. Faili la /etc/passwd ni maandishi matupu, na kila programu inayolisoma huamua yenyewe namna ya kulinganisha kinachosomwa. Katika saraka, ulinganishaji hufanywa na seva, na seva hufuata kanuni iliyoandikwa ndani ya fasili ya sifa husika. Fasili hiyo hutaja nambari ya utambulisho ya sifa, jina lake, sintaksia (muundo unaoruhusiwa) ya thamani zake, kanuni za kuzilinganisha, na kama ingizo moja laweza kuwa na thamani nyingi za sifa hiyo au moja tu. Wengi wanaoanza hutumia muda wao mwingi kwenye jina na sintaksia. Kwa maoni yangu, sehemu nzito kuliko zote ni kanuni ya usawa, kwa sababu ndiyo inayoamua ni lini thamani mbili zihesabiwe kuwa kitu kimoja.

Chukua mfano wa uid, sifa ambayo RFC 2307 haikuibuni bali iliirithi. Kanuni yake ya usawa ni caseIgnoreMatch, kwa hiyo mbele ya seva «Zuhura» na «zuhura» ni thamani moja. Linux, kwa upande wake, hutofautisha herufi kubwa na ndogo katika jina la mtumiaji. Sifa ya memberUid, inayoorodhesha wanachama wa kikundi, hutumia caseExactIA5Match, yaani nayo hutofautisha. Sasa mtumiaji akiandika jina lake kwa herufi kubwa mwanzoni, utafutaji wa akaunti waweza kufaulu, nenosiri likakubaliwa, kisha utafutaji wa vikundi vyake ukarudi bila kitu. Ataingia kwenye kompyuta lakini atakuta mafaili ya kikundi chake yamefungwa, na hakuna ujumbe wowote wa kosa utakaoeleza sababu. Dawa yake ni kuamua tangu siku ya kwanza kwamba kila uid itaandikwa kwa herufi ndogo pekee, na programu inayounda akaunti ilikatae jina lolote linalokiuka uamuzi huo.

Kuna jambo jingine ambalo skima haitakufanyia. Inahakikisha kwamba uidNumber ni namba kamili na kwamba iko moja katika kila ingizo, lakini haihakikishi kwamba maingizo mawili hayatumii namba moja. Kiini cha mfumo wa Linux humjua mtumiaji kwa namba, si kwa jina; watu wawili wenye namba moja ni mtu mmoja mbele ya mafaili. Ndiyo maana namba ya mtu aliyeondoka haifai kupewa mwingine, kwa kuwa mafaili ya zamani yaliyobaki kwenye diski yatahesabiwa kuwa ya huyo mgeni. Tenga pia mfululizo wa namba za saraka ulio mbali na namba zinazotolewa na kompyuta zenyewe, na uhakikishe kwamba hakuna anayeweza kuandika uidNumber yenye thamani 0, kwa sababu 0 ni msimamizi mkuu wa mfumo.

Mwisho kwa barua hii, tazama tena mistari miwili ya objectClass katika mfano wangu. Aina ya posixAccount ni ya nyongeza, haiwezi kusimama peke yake. Ingizo lolote linahitaji aina moja ya msingi ya kuliegemeza. Kwa mtu, inetOrgPerson inafaa. Kwa akaunti ya programu, kwa mfano ile inayoendesha hifadhidata, inetOrgPerson haifai, kwa kuwa inadai sn, yaani jina la ukoo, na programu haina ukoo. Hapo tumia aina iitwayo account. Uamuzi huu ufanye mapema, maana aina ya msingi ya ingizo haibadilishwi baada ya ingizo kuundwa. Ukikosea, itakubidi ulifute na kuliunda upya.

SWALI: Mti wa saraka yetu tuupange kufuata idara za taasisi, au watu wote tuwaweke katika tawi moja? — Msimamizi mpya wa saraka

JIBU: Waweke katika tawi moja. Jina bainifu la ingizo hubeba njia nzima kuanzia ingizo lenyewe hadi kwenye shina, kwa hiyo mtu aliyewekwa chini ya tawi la ou=uhasibu atabadilika jina siku atakapohamishiwa idara nyingine, na kila mahali palipoandikwa jina lake la zamani, katika vikundi, katika ruhusa na katika mipangilio ya programu, patakuwa panaelekeza pasipo na kitu. Idara iandike kama sifa ya kawaida, departmentNumber au ou ndani ya ingizo, nawe utaweza kuitafuta bila kuifanya sehemu ya jina. Matawi yatenge kwa aina ya vitu, yaani watu, vikundi, kompyuta, au pale ambapo usimamizi wenyewe umegawanyika na kila upande una haki zake za kuandika.

SWALI: Ndugu Mhariri, tunataka kuhifadhi nambari ya kadi ya kila mfanyakazi katika saraka. Hakuna sifa ya kawaida inayotufaa. Nimeona katika mafunzo mbalimbali watu wakiongeza sifa mpya ndani ya inetOrgPerson na kuzipa nambari za utambulisho wanazozitunga wenyewe. Je, kuna ubaya? — Mtayarishaji programu

JIBU: Ubaya upo, na ni wa aina mbili.

Kwanza, inetOrgPerson imefafanuliwa katika RFC 2798 ya mwaka 2000, na kila programu inayozungumza LDAP inaitegemea fasili hiyo ilivyo. Ukiibadilisha katika seva yako, utakuwa na kitu chenye jina la kiwango cha kimataifa lakini maudhui yako mwenyewe, na siku ya kusasisha seva au kuhamia nyingine, mabadiliko yako yatapotea au yatagongana na fasili halisi. Unda aina yako ya nyongeza, weka sifa yako ndani yake, kisha uiongeze kwenye maingizo yanayoihitaji. Ingizo la mtu litabaki inetOrgPerson, na juu yake litabeba aina yenu.

Pili, nambari za utambulisho zina mpangilio wa mti, na kila tawi lina mwenyewe. Taasisi yoyote yaweza kuomba nambari yake kutoka IANA, shirika linalogawa nambari za mtandao duniani, bila malipo, ikapata tawi chini ya 1.3.6.1.4.1, na kutoka hapo ikagawa nambari za ndani kadiri itakavyo. Nambari ya kutunga yaweza kuwa mali ya mtu mwingine, na mgongano hautaonekana mpaka mtakapopakia skima ya bidhaa fulani kando ya yenu. Katika mfano ufuatao nimetumia 32473, ambayo RFC 5612 imeitenga kwa ajili ya mifano ya maandishi pekee:

( 1.3.6.1.4.1.32473.1.1
  NAME 'mfanoNambariYaKadi'
  EQUALITY numericStringMatch
  SYNTAX 1.3.6.1.4.1.1466.115.121.1.36
  SINGLE-VALUE )

Angalia nilichochagua katika sintaksia. Kwa kuwa kadi zina nambari, wazo la kwanza huwa ni sintaksia ya namba kamili. Lakini kadi yenye nambari 004512 haiwezi kuandikwa kwa sintaksia hiyo, kwa sababu namba kamili katika LDAP haikubali sufuri za mbele, na sufuri hizo ni sehemu ya nambari ya kadi. Nambari ya kadi haijumlishwi wala haitolewi. Ni utambulisho ulioandikwa kwa tarakimu. Sintaksia ya mfuatano wa tarakimu huzihifadhi sufuri, na kanuni ya numericStringMatch hupuuza nafasi, hivyo anayetafuta «0045 12» na anayetafuta «004512» watapata ingizo lile lile.

Usiache kuandika EQUALITY. Sifa isiyo na kanuni ya usawa hukubali kuhifadhiwa na huonekana vizuri unapolisoma ingizo zima, lakini haiwezi kutafutwa kwa thamani, haiwezi kutumika katika jina la ingizo, na ikiwa ina thamani nyingi huwezi kufuta moja na kuacha nyingine. Kinachosumbua zaidi ni kwamba chujio la utafutaji linaloitumia sifa kama hiyo halisababishi kosa. Seva hulihesabu kuwa halijulikani na kurudisha orodha tupu, nawe utabaki ukiamini kwamba data haipo. Jina la sifa pia lipe kiambishi cha taasisi yenu, kama nilivyotanguliza «mfano», ili lisifanane na la mwingine.

Nikuombe jambo moja: kabla ya kubuni chochote, soma kwanza orodha ya sifa zilizokwisha kufafanuliwa. Katika inetOrgPerson ipo employeeNumber, na mara nyingi hiyo inatosha. Ikiwa mtu wenu mmoja anaweza kupewa kadi mpya huku nambari yake ya kazi ikibaki ile ile, basi hizo ni data mbili tofauti na sifa yako ina haki ya kuwapo.

SWALI: Vikundi vyetu tuviandike kwa memberUid au kwa member? Kila tunayemwuliza anatoa jibu lake. — Wasimamizi wawili wa seva

JIBU: Majibu yanatofautiana kwa sababu historia imeacha njia mbili. Katika RFC 2307, posixGroup ni aina ya msingi, na wanachama wake huandikwa kwa memberUid, yaani jina la akaunti peke yake. Kwa upande wa pili ipo groupOfNames, ambayo pia ni ya msingi, na ambayo huandika member kwa jina bainifu zima la mwanachama. Kwa kuwa ingizo haliwezi kuwa na aina mbili za msingi zisizorithiana, kikundi kimoja hakiwezi kuwa vyote viwili. Rasimu inayojulikana kama RFC 2307bis ililitatua hilo kwa kuifanya posixGroup kuwa ya nyongeza, ili iegemee juu ya groupOfNames na kikundi kimoja kitumike na Linux pamoja na programu za wavuti.

Kama saraka yenu inahudumia kompyuta za Linux peke yake, memberUid ni nyepesi na inatosha. Kama kuna programu nyingine zinazouliza nani yumo katika kikundi gani, mimi ningechagua member, kwa sababu jina bainifu linaelekeza kwenye ingizo halisi, wakati memberUid ni maandishi tu yasiyofungamana na chochote. Mtakutana na mambo mawili: groupOfNames haikubali kikundi kitupu, ni lazima kiwe na angalau mwanachama mmoja, na kumfuta mtu hakuliondoi jina lake katika vikundi mpaka seva ielekezwe kufanya hivyo. OpenLDAP, mojawapo ya programu za seva ya saraka, ina nyongeza iitwayo refint kwa kazi hiyo. Iwasheni kabla ya kuingiza data, si baada ya vikundi kujaa majina ya watu waliokwisha ondoka.

SWALI: Tukishakuwa na saraka yenye maingizo ya kompyuta zote, bado tunahitaji DNS, mfumo wa majina ya kompyuta mtandaoni? — Mwanafunzi wa TEHAMA

JIBU: Mnaihitaji. RFC 2307 inayo aina ya ipHost kwa ajili ya kompyuta, lakini iliundwa kuchukua nafasi ya faili la hosts ndani ya mtandao mmoja. DNS, ambayo Paul Mockapetris aliibuni mwaka 1983, ilitengenezwa kuondoa utegemezi wa faili moja la HOSTS.TXT lililokuwa likinakiliwa na mtandao wote, na nguvu yake ni kugawa mamlaka: kila kikoa kinajibu kwa majina yake chenyewe. Muundo wake wa data ni mdogo na mkali. Kila sehemu ya jina haizidi baiti 63, jina zima halizidi 255, na rekodi huulizwa kwa jina na aina, bila utafutaji wa kuchuja sifa kama ule wa LDAP.

Zaidi ya hayo, saraka yenyewe huitegemea DNS. Matawi ya dc unayoyaona mwishoni mwa majina bainifu hutokana na jina la kikoa, kwa utaratibu uliowekwa na RFC 2247 mwaka 1998, na kompyuta ya mteja yaweza kuipata seva ya saraka kwa kuuliza rekodi ya SRV yenye jina kama _ldap._tcp.mfano.org, ambayo hujibu kwa jina la seva, mlango wake, na kipaumbele chake iwapo seva ni zaidi ya moja.