Kanuni za usharika hazipitishwi kwa haraka baada ya ibada

Bwana Yesu asifiwe, mzee wangu. Umeuliza kama usharika wenu hapo Tanga mjini unaweza kupitisha kanuni mpya Jumapili, watu wakitoka tu ibadani. Nakusihi, msifanye hivyo. Anzeni na katiba ya Dayosisi ya Kaskazini Mashariki ya kanisa letu la Kilutheri (KKKT). Kama hamna nakala, iombeni Lushoto, makao makuu ya dayosisi. Kanuni zenu zinakaa chini yake, na kifungu kinachoipinga hakisimami hata kikipigiwa makofi.

Undeni kamati ndogo, na humo awemo mama anayezijua hesabu za usharika na kijana asiyeogopa kuuliza. Rasimu ikishapita Baraza la Wazee, irudisheni kwa washarika, isomwe kifungu kwa kifungu kwenye jumuiya za nyumba kwa nyumba. Hapo ndipo penye kazi, msipaharakishe. Mara nyingi watu wanagombana juu ya ukomo wa muda wa wazee wa kanisa kukaa madarakani, nani atie saini benki, na kiwanja. Kiwanja kiacheni kwanza: angalieni hati imeandikwa jina la nani, maana mali za kanisa kwa kawaida hushikwa na Bodi ya Wadhamini. Na misingi ya imani, Biblia na Ungamo la Augsburg la 1530 (tamko la imani la Walutheri), haipigiwi kura.

Tangazeni mkutano mapema, akidi, yaani idadi ya watu inayotakiwa ili mkutano uwe halali, ihesabiwe na kuandikwa. Kisha pelekeni rasimu na muhtasari uliosainiwa jimboni na dayosisini. Msianze kuzitumia kabla ya jibu la maandishi.