Uliza Fundi: Nati inavuja tangu nioshe chujio la oili

SWALI: Shikamoo fundi. Naendesha bodaboda hapa Ifakara, pikipiki ya Kichina yenye injini ya mtindo wa CG125. Wakati wa kubadilisha oili nilitoa lile chujio la waya lililo chini ya injini, nikaliosha kwa petroli, nikalirudisha. Tangu hapo nati yake inatoka jasho la oili. Kijiweni wananiambia nikaze zaidi au nipake silikoni. Je, chujio hili linaoshwa kweli, au ilifaa ninunue jipya?

JIBU: Marahaba, mdogo wangu. Spana weka chini kwanza. Tumbo la injini ni aloi ya alumini, laini kuliko chuma. Ukizidi kukaza zitakatika nyuzi za injini, ile mikunjo ambamo nati hujifunga, na hapo utalipia kazi ya kuchonga nyuzi mpya wakati kilichohitajika ni oringi tu, ile pete ya mpira inayozuia oili kwenye nati. Maana nina hakika kubwa ni oringi: mpira uliopikwa na joto muda mrefu hulala bapa, hukakamaa, haushiki tena. Nenda dukani na ya zamani mkononi, upate kipimo kilekile. Ipake oili, ikae vizuri kwenye mfereji wake, zungusha nati kwa vidole mpaka iishie, kisha spana kidogo tu. Silikoni usiiguse. Inayobanwa kwenda ndani hukatika vipande, navyo huenda kuziba chujio hilohilo ulilotoka kuliosha.

Ndiyo, la waya linaoshwa. Libadilishe wavu ukitoboka au fremu ikipinda. La karatasi ndilo lisilooshwa kamwe.

Lakini kabla ya kuosha, litazame! Vijana wa gereji yangu nawakataza kulitumbukiza kwenye mafuta kabla sijaliona, kwa sababu uchafu ule ndio unaoeleza hali ya injini. Likung'ute kwenye karatasi nyeupe, upitishe sumaku. Masizi meusi laini ni kawaida. Vipande vya kahawia visivyo chuma mara nyingi ni vya sahani za klachi. Vinavyorukia sumaku ni chuma: gia, beringi. Vyeupe vinavyong'aa na sumaku haivitaki ni aloi, huenda ni pistoni inalika. Ukiona vipande vya chuma au aloi, usibebe abiria mpaka injini ifunguliwe.

Kuosha, tumia mafuta ya taa na mswaki laini, mbali na moto. Petroli hushika moto upesi mno. Acha likauke lenyewe, kitambaa huacha nyuzi. Springi inakaa kati ya nati na chujio, ikilisukuma juu. Ukiisahau, chujio linacheza na uchafu unapita pembeni.

Jambo ambalo hukuuliza: wavu huo huzuia chembe kubwa tu. Uchafu laini hunaswa na kikombe kilichofungwa kwenye ncha ya krenkishafti, yaani mhimili unaozungushwa na pistoni, nyuma ya kava ya upande wa kulia. Kinazunguka kwa kasi, uchafu mzito unarushwa ukutani na kugandamana humo. Pikipiki nyingi zinazoletwa kwangu hakijawahi kufunguliwa tangu zinunuliwe, na inaniuma, kwa sababu ndizo injini zinazolisha familia. Siku fundi wako akifungua kava, akombe uchafu wa kikombe hicho, aweke na gasketi mpya.

Injini hiyo inachukua takriban lita moja ya oili. Simamisha pikipiki wima kwa stendi ya katikati, washa dakika chache, zima, subiri oili ishuke. Futa kijiti cha kupimia, kichomeke bila kukizungusha, usome. Kisha pitisha kidole chini ya nati, uone kama bado inavuja.