Shombo linalorudi kila baada ya hedhi

SWALI: Shikamoo dokta. Nina miaka 29, nimeolewa. Kwa miezi minane sasa natokwa na majimaji mepesi yenye shombo la samaki, zaidi baada ya hedhi au tendo la ndoa. Siwashwi. Duka la dawa wameshanipa vidonge vya fangasi vya kuchomeka mara tatu, lakini harufu inarudi. Kila siku najisafisha ndani kwa maji ya ndimu. Nakosea wapi?

JIBU: Marahaba, mwanangu. Tuanze na hiyo ndimu.

Uke una wenyeji wake, bakteria waitwao laktobasila. Wanakula sukari inayotokana na ukuta wa uke na kutoa asidi ya laktiki, ileile inayochachua mtindi, mpaka pH (kipimo cha uchachu) inakaa kati ya 3.8 na 4.5. Wadudu wengi hawaivumilii hali hiyo. Utasema ndimu nayo ni chachu. Ni kweli, ila ndimu inachubua ukuta na kuondoka na maji, huku ikiwasomba waliokuwa wakikutengenezea uchachu usiku na mchana. (Mtindi nao usipake, bakteria wake si hao.)

Laktobasila wakipungua, bakteria wengine, Gardnerella na wenzake, wanajaa. Hiyo tunaiita BV, na maelezo yako yananipeleka huko. Fangasi kwa kawaida huwasha na kutoa ute mzito kama maziwa yaliyokatika, bila shombo. Shombo ni la kemikali ziitwazo amini. Damu na shahawa hupunguza uchachu, amini zikapata nafasi ya kuruka hewani. Ndiyo maana unalisikia nyakati hizo. Maabara tunafanya vivyo hivyo kwa makusudi: tone la potasiamu haidroksaidi juu ya majimaji kwenye kioo, na samaki huyo hapo, hata hujainamia hadubini. Ukiinama, unaona seli zimegandwa na bakteria hadi kingo zake hazionekani.

Kwa hiyo nenda ukapimwe kwanza. Ikiwa ni BV, dawa ya kawaida ni metronidazoli kwa siku 7. Zimalize hata harufu ikikata siku ya tatu.

Kurudi kwake si uchafu wako. Zaidi ya nusu ya wanaotibiwa hurudiwa ndani ya mwaka. Zamani tulikuwa tunamwacha mume bila kumtibu. Utafiti wa Australia uliochapishwa 2025 umenibadilisha: pale mwanamume naye alipopewa vidonge vya metronidazoli na krimu ya klindamaisini ya kupaka uumeni, wanawake waliorudiwa ndani ya wiki 12 walikuwa 35%, dhidi ya 63% pale alipotibiwa mke peke yake. Atakwambia yeye haumwi kitu. Mje naye hivyohivyo.

Nje nawa kwa maji matupu, ndani usiguse. Ukiwa na mimba, homa au maumivu chini ya kitovu, usisubiri wiki ijayo.