Nembo ya Windows inaonekana, kisha skrini inakuwa nyeusi

SWALI: Kompyuta yangu ya mezani inatumia Windows 7. Siku hizi kila ninapoiwasha naiona nembo ya Windows, halafu skrini inakuwa nyeusi tupu, ingawa mlio wa kukaribisha nausikia na feni inazunguka kama kawaida. Fundi ananishauri nifute kila kitu na kuweka mfumo upya, ilhali humo mna picha na nyaraka ambazo sina nakala zake. Je, hakuna njia nyingine?

JIBU: Ndugu msomaji, njia ipo, na ninakusihi usikubali chochote kifutwe kwa sasa. Mlio huo hutoka pale Windows 7 inapofika kwenye ukurasa wa kuingilia. Kwa hiyo mfumo umekwisha kuwaka, na kinachokosekana ni picha tu. Bonyeza Caps Lock ili kuhakikisha: taa yake ikiwaka na kuzimika kila unapobonyeza, mashine haijaganda.

La kuzingatia zaidi ni mahali picha inapopotelea. Wakati wa nembo, kompyuta huchora kwa njia ya msingi ambayo karibu kila kadi ya michoro (kifaa kinachotengeneza picha ya skrini) huielewa. Baada ya hapo ndipo draiva ya kadi yenyewe, yaani programu inayoiendesha kadi hiyo, inaposhika kazi na kuweka ukubwa wa picha uliopangwa. Ikiwa draiva imeharibika, au ukubwa huo umezidi uwezo wa skrini, picha hukatika papo hapo, na tatizo hili huwapata sana watu waliobadilisha skrini au kusasisha draiva karibuni. Angalia pia kama nyuma ya kompyuta kuna tundu jingine la skrini, uhamishie waya huko ujaribu.

Usizime kwa kuchomoa waya wa umeme. Bonyeza kitufe cha kuwashia mara moja tu, bila kukishikilia, na kwa kawaida kompyuta itajizima kwa utaratibu. Kisha iwashe tena na ugonge F8 mfululizo kabla nembo ya Windows haijatokea, mpaka uone orodha ya maandishi meupe. Humo chagua mstari unaosomeka "Enable low-resolution video (640x480)". Njia hii hutumia draiva ileile uliyo nayo, ila kwa ukubwa mdogo wa picha; kwa hiyo picha ikirudi, draiva haina hitilafu, na utakachofanya ni kubofya upande wa kulia wa kipanya kwenye eneo tupu la skrini, kufungua "Screen resolution" na kuchagua ukubwa unaoifaa skrini yako.

Weusi ukiendelea, rudi kwenye orodha hiyo uchague "Safe Mode", ambayo huiacha draiva ya kadi kando kabisa. Picha ikitokea huko, mkosaji ni draiva. Andika devmgmt.msc kwenye kisanduku cha kutafutia, fungua "Display adapters", ingia kwenye sifa za kadi, kisha chini ya "Driver" bonyeza "Roll Back Driver" ili irudi ya awali. Kitufe hicho kikiwa kimefifia, iondoe draiva na uwashe kompyuta upya.

Kwa vyovyote vile, picha ikirudi tu, nakili nyaraka zako kwenye diski ya nje kabla ya kugusa kingine. Microsoft iliacha kutoa masasisho ya kawaida ya usalama ya Windows 7 tarehe 14 Januari 2020, na kwa maoni yangu mfumo wa umri huo haufai kuachiwa nakala pekee ya kitu chochote.

Safe Mode nayo ikikataa, chagua "Repair Your Computer" katika orodha ileile, kisha "System Restore", uirudishe kompyuta kwenye tarehe ya kabla ya tatizo kuanza. Hatua hiyo hurudisha nyuma draiva, programu na mipangilio ya mfumo, lakini haifuti picha wala nyaraka zako.