Duka liliporwa, daftari likabaki

Wiki iliyopita kijana mmoja wa Bukavu ameniandikia: "Assalaam alaykum kaka, mtaji umeisha, nianze na nini?" Nilitaka kumjibu kwa mstari mmoja, nikashindwa.

Mdogo wangu, mwisho wa Januari 2025, Goma ilipoingia mikononi mwa waasi wa M23, duka langu la vitenge pale Birere lilivunjwa. Nilirudi siku ya nne. Walikuwa wamebeba mpaka fimbo ya mbao niliyopimia vitambaa. Daftari la madeni lilikuwa sakafuni, na alama ya kiatu juu ya jalada. Mwizi gani ana haja ya kujua ninamdai nani?

Nilikaa juu ya ndoo nikapiga hesabu: dola 1,860, yote midomoni mwa watu. Marehemu baba alianza na kidogo kuliko hapo. Lava ya Nyiragongo ilifunika kibanda chake 17 Januari 2002, na baadaye akauza chumvi kwa kopo juu ya mawe yaliyokuwa bado na joto.

Benki zilikuwa zimefungwa, na kutoa pesa ya kwenye simu kulikuwa na makato ya kutisha. Mkopeshaji wa mtaani akaniambia chukua 300, mwezi ujao rudisha 390. Nakiri, mkono ulikuwa umeshanyooka. Mke wangu ndiye aliyeniuliza: "Na riba hiyo tutaifutari?" Nikarudi nyumbani mikono mitupu, nimemkasirikia siku mbili.

Wa kwanza kulipa alikuwa mama mmoja muuza sambaza wa Kituku, mtu wa kanisa. Alifungua fundo la kitenge, akanihesabia franka 5,000 zinazonuka samaki. "Andika, nisije nikafa nalo." Wengine wakafuata kidogo kidogo. Na mwenye stoo niliyemlipa mwaka 2021, wakati watu wengi wa mji wamekimbilia Sake kwa hofu ya volkano, akanipa vitenge kumi na viwili bila hata kuniandikisha. Ramadhani ile niliuzia juu ya mkeka. Leo nina meza, alhamdulillahi, na sikuomba mtu.

Kwa hiyo andika. Suratul Baqara aya ya 282 inatuamuru tuandike deni la muda, na sisi tunaona haya kumwandika rafiki! Aya ya 280 inataka mwenye dhiki apewe muda mpaka apate nafuu. Tatizo letu Waislamu wa sokoni ni kwamba mwenye duka amehifadhi ile ya 282, mdaiwa amehifadhi ya 280, na kila mmoja anamsomea mwenzake. Lipa deni lako wakati mji umetulia, ndugu yangu. Lipa! Siku ya moto hutakuwa na dhamana nyingine.

Kuna mmoja tunaswali naye safu ya mbele. Baada ya uporaji alinishika mkono: "Pole sana kaka. Na daftari nalo lilikwenda, eh?" Macho yake yalikuwa na matumaini. Nikamwambia lipo. Tangu hapo anaswali safu ya nyuma.

Ukurasa wake nimeukunja pembeni: dola 140, Desemba 2024. Aya ya 280 naijua kwa moyo. Lakini yeye amenunua pikipiki mpya, na kila asubuhi akipita mbele ya meza yangu anapiga honi.