Hayo matone yarudishe kabatini kwanza

Dada, usimtie! Umeuliza jicho jekundu la mbwa wako, leo siku ya pili, ni vumbi au ni chakula, na kama matone yaliyobaki ya mwanao yatamfaa. Mimi nakujibu la matone, maana matone ya watu ndiyo yaliyompofua mbwa wangu Simba.

Tunakaa Likoni. Alirudi alfajiri jicho la kushoto jekundu, machozi yanachuruzika, analifumba na kulikuna kwa mguu. Nikakimbilia duka la dawa. Muuzaji hakuuliza hata swali moja. "Jicho ni jicho, la mtu na la mbwa hakuna tofauti," akanipa matone ya deksamethasoni. Hiyo ni steroidi, dawa ya kutuliza uvimbe na wekundu. Kesho yake wekundu ukapungua, nikashukuru Mungu. Kumbe jichoni mlikuwa na kidonda, na steroidi hufifisha wekundu huku ikikizuia kidonda kupona! Siku ya nne jicho lilikuwa na ukungu wa buluu, kama la samaki aliyelala, na katikati pana kishimo.

Tukapanda tuktuk mpaka feri, nimemkumbatia na kumfunika leso kichwani. Daktari wa mifugo akamgusisha jichoni kijikaratasi cha rangi ya machungwa, akasuuza, akazima taa, akammulika. Doa la kijani likang'aa, kubwa kama punje ya mahindi. Rangi ile hushika pale tu kioo cha mbele cha jicho kilipochubuka. Kipimo chenyewe hakikumaliza dakika tano. Usiku wa pili kishimo kikatoboka, jicho likatolewa.

Yule muuzaji sijamsamehe. Mnyama hakumwona, jicho hakuliona, na dawa akauza.

Wekundu si ugonjwa mmoja, dada. Huweza kuwa jicho limekauka, homa ya kupe (na kupe wa huku pwani unawajua), au presha ya ndani ya jicho, ambayo hupofusha hata kwa siku moja au mbili. Kwa macho yako huwezi kuyatenganisha, mimi sikuweza. Steroidi ina kazi yake, lakini juu ya kidonda inaangamiza. Kwa hiyo daktari apime kwa rangi kwanza, ndipo mzungumze matone. Akitaka kukuandikia steroidi bila kupima, mchukue mbwa wako utafute mwingine.

Kwa sasa msafishe kwa maji ya chumvi ya hospitali, mzuie asijikune. Na kama analifumba hilo jicho, usingoje Jumatatu, mpeleke leo.