Kabla Hujamwita Fundi wa Kuchomelea Lori Lako la Jeshi

Kijana mmoja wa Wete kaniletea ujumbe wiki hii, na picha za Bedford MK aliyoipata kwa bei anayoiita ya kutupa. "Assalaam alaykum kaka. Nataka nilifanye nyumba ya kutembeza watalii ufukwe wa Vumawimbi, hapa Pemba. Kitanda, jiko, choo, tangi la maji juu ya paa. Fundi keshaniambia ni kuchomelea tu. Nianzie wapi?"

Wa alaykum salaam. Anzia kwa kumwambia huyo fundi azime mashine yake kwanza.

Bedford MK Waingereza waliiunda kwa ajili ya jeshi lao: lori la tani 4, fowili, yaani magurudumu yote manne yanavuta, injini ya silinda 6, lita 5.4. Si gari la mbio, lakini kwenye tope na milima ya Pemba halina mwenzake. Mimi langu liliposhushwa Mkoani, bado lina kijani yake na namba za kijeshi ubavuni, shemeji yangu mmoja alikaa barazani akawaeleza watu kwamba nimenunua mzoga. Neno lile likatembea hadi Chake. Nikienda sokoni naulizwa, "Mzoga umeanza kunuka?" Sikujibu. Masika iliyopita gari mbili zilizozama njia ya shamba nimezivuta mimi, kwa mzoga huo huo, na mojawapo ilikuwa na magunia ya karafuu ya shemeji. Aliniambia ahsante huku anaangalia pembeni. Basi yamekwisha, ingawa hayajaisha sana.

Habari za bandarini, karatasi na foleni naziruka, mtu mzima hahitaji kusimuliwa foleni.

Nililofanya mimi kabla ya kugusa hata nati moja ni hili. Nilipanga magogo, nikapandisha gurudumu la mbele la kulia na la nyuma la kushoto, hayo mengine mawili yakabaki chini. Kisha nikaenda kutazama mwanya ulioko kati ya kabini na bodi. Upande mmoja kiganja changu kizima kiliingia. Upande wa pili kidole hakikupita. Nikamwita fundi wangu, akachuchumaa pale, akatazama kimya, akasema, "Kumbe inajinyonga." Ndiyo, inajinyonga, na imeundwa hivyo makusudi. Shasi ya lori la jeshi, ile fremu ya chuma inayobeba kila kitu, inapinda ili magurudumu yote manne yabaki yameshika ardhi. Sasa wewe ukichukua boksi gumu la chuma ukalichomelea moja kwa moja juu yake, vitu viwili vitagombana kila ukipita bonde: ama boksi litapasuka kwenye pembe za mlango, ama shasi yenyewe itafanya ufa. Kitanda chako na jiko lako havitafika hata msitu wa Ngezi.

Wazee wetu walilijua hili bila kusoma popote. Maseremala waliokuwa wakiunda zile gari za abiria za mbao, nyingi zikiwa Bedford pia, waliweka ubao mgumu kati ya shasi na bodi, wakafunga kwa yubolti, zile bolti zenye umbo la U. Shasi hawakuitoboa. Bodi ilikuwa inalia ng'wi ng'wi njia nzima, na mlio ule ndio uzima wake. Langu nimelifanya hivyo hivyo, mbao na viti vya kukunja, kwa sababu msimu nabeba karafuu na nje ya msimu nabeba watu.

Wewe unataka nyumba, na nyumba haitaki kulia. Kwa hiyo unahitaji fremu ya pili inayokaa juu ya vituo vitatu: viwili nyuma, kimoja mbele katikati chenye pini inayozunguka. Shasi ikipinda, nyumba inabaki imetulia. Na kama lazima utoboe shasi, toboa ubavuni, kamwe usitoboe bapa la juu wala la chini.

Tangi juu ya paa lisahau. Lita 500 za maji ni kilo 500, na wewe unataka kuziweka kichwani mwa gari lililo refu tayari, kisha uteremke nalo milima yetu. Weka chini, kati ya ekseli. Chora kwanza. Andika uzito wa kila kitu, mpaka godoro na mtungi wa gesi, na kila kimoja kinakaa upande gani. Vijana wa siku hizi mna haraka ya kupiga picha gari limekwisha. Penseli mnaiona ya watoto wa skuli. Pimeni, jamani! Chuma kikishakatwa hakirudi.

Umeme wake ni volti 24, betri mbili za 12 zilizofuatana. Utaambiwa uchote 12 kwenye betri moja kwa ajili ya redio na taa. Usikubali, moja itanyonywa na ya pili itachajiwa kupita kiasi. Nunua konveta, kifaa cha kushusha 24 iwe 12. Bati la alumini usilikutanishe na chuma kitupu, kwa hewa yetu ya chumvi yatalana. Weka mpira kati yake. Rangi ya jeshi ifute siku ya kwanza, usingoje kuulizwa njiani wewe ni askari wa wapi.

Kuhusu rimu. Malori haya mengi yana rimu za vipande, zenye ringi ya kufungia. Usilegeze kitu chochote hapo kabla upepo haujatoka wote, na wakati wa kujaza, gurudumu liwe limefungwa mnyororo au limo ndani ya kizimba cha chuma, na wewe usisimame mbele yake. Ringi ile ikifyatuka inaua. Fundi wa pancha akikwambia yeye hana haja ya mnyororo, beba gurudumu lako upeleke kwengine.